Akaunti ya akiba inapokea lakini haitoi: benki inataka uhakiki wa utambulisho (Mwanza)

Mwana wa Igombe

Wakuu, heshima kwenu. Naomba wenye uzoefu na mambo ya benki wafike hapa, na kama kuna mwanasheria humu asipite kimya.

Mama yangu mdogo anafanya biashara ya dagaa pale Kirumba Mwaloni. Ananunua magunia kutoka visiwani, anapepeta, anatenga madaraja, anawauzia wanaopeleka Kongo na Burundi. Fedha zake zote, za mtaji na za akiba, zinakaa kwenye akaunti moja ya akiba. Benki sitaitaja. Alitumiwa meseji ya "Ndugu mteja, tafadhali fika tawini kuhuisha taarifa zako". Biashara ilikuwa imechanganya, akapanga aende wakati wa mbalamwezi mambo yakipoa. Hajaenda bado, akaunti ikazuiwa. Wateja wakimtumia, inaingia. Yeye akitaka kutoa, kwa wakala inagoma, kwenye simu inagoma.

Tulipofika tawini tukaambiwa mambo mawili. La kwanza ni jina: kumbukumbu za benki zinasema jina la babu ni Mwandu, kitambulisho cha taifa kinasema Ng'wandu. La pili, aeleze fedha zinatoka wapi, kwa sababu miamala haiendani na maelezo ya mteja. Kumbe siku anafungua akaunti, yule wakala wa mtaani alimwandika mkulima mdogo na kipato cha mwezi akakijaza mwenyewe.

Giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, linakaribia. Anayemjua dagaa anaelewa maana yake: boti zitaingia zimejaa, na asiye na fedha mkononi siku hizo anabaki kuangalia wenzake wakipakia. Huyu mama hajaiba, hajakopa, kila shilingi iliyomo humo ameitolea jasho.

Naomba kujua: tofauti ya herufi kwenye jina inamalizwaje? Na kwa biashara ya mkono kwa mkono kama ya mwaloni, ni ushahidi gani benki inaukubali?

Shija wa Mkuyuni

Pole sana mkuu, mpe pole na mama. Mdogo wangu yamemkuta hayo hayo mwezi uliopita, bado anazungushwa. Nasubiri wajuzi.

Kaunta ya Zamani

Mleta mada, nimefanya kazi benki miaka mingi, kaunta kwanza halafu kitengo cha akaunti. Sasa niko kwenye shughuli zangu, kwa hiyo naongea bila kumtetea mtu.

Kabla ya kukimbizana na nyaraka, muulize afisa swali moja: zuio hili ni la aina gani? Kwa mteja yote yanafanana, fedha haitoki, lakini ndani ya mfumo ni vitu tofauti na kila kimoja kina mtu wake wa kukiondoa. Kuna zuio la taarifa zisizohuishwa. Hilo tawi linaondoa lenyewe. Kuna akaunti iliyolala kwa kukaa muda mrefu bila muamala wa mwenyewe, nayo inaamshwa tawini kwa kitambulisho na barua. Kuna zuio la kikomo, ambalo nahisi ndilo linalomhusu mama: akaunti nyingi zinazofunguliwa na wakala papo kwa papo, kwa namba ya NIDA (ile ya kitambulisho cha taifa) na alama ya kidole tu, zina kiwango cha juu cha salio au cha miamala. Ukikipita, mfumo unasimamisha mpaka upeleke nyaraka zaidi na akaunti ihamishwe daraja. Halafu kuna zuio la agizo kutoka nje: mahakama, vyombo vya uchunguzi, au TRA wanaodai kodi. Hapo tawi halina la kufanya, hata ukimlilia meneja.

Watu wanapoteza muda kwa sababu wanatibu zuio ambalo si lao. Mtu anahangaika na barua ya mtaa wakati akaunti imesimama kwa agizo la TRA, au anatafuta wakili wakati kilichokosekana ni picha na saini mpya.

Kwa nini benki zimekaza hivi? Msingi wake ni Sheria ya Kuzuia Utakatishaji wa Fedha Haramu ya mwaka 2006. Inaitaka benki imjue mteja wake, ijue fedha zake zinatoka wapi, na ihuishe taarifa hizo kila mara. Oktoba 2022 Tanzania iliwekwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, chombo cha kimataifa cha kupambana na fedha haramu, yaani nchi zinazofuatiliwa kwa karibu kwenye mambo ya fedha haramu, ikatolewa Juni 2025. Miaka ile benki zilipekua kumbukumbu za zamani, na wateja wengi walioandikwa kienyejienyeji wakajikuta kwenye orodha za kuhuisha. Msitegemee kwamba kwa kuwa tumetoka kwenye orodha watalegeza. Sheria ipo palepale.

Kuhusu mama: kosa la kuandikwa mkulima mdogo ndilo linalomuumiza kuliko jina. Mfumo unaona mkulima mdogo mwenye fedha nyingi zinazoingia kwa mkupuo kutoka kwa watu tofauti, baadhi wa mpakani, kisha zinatoka karibu zote kwa siku chache, kisha kimya. Asiyejua ziwa ataona picha ya kutia shaka. Anayejua ziwa ataona mfanyabiashara wa dagaa. Kazi yenu ni kumfanya afisa aone hiyo picha ya pili.

Mkazi wa Buzuruga

Kaunta, asante kwa somo. Swali: mimi nilipouliza sababu, afisa aliinama tu akasema "subiri makao makuu". Ina maana natuhumiwa?

Kaunta ya Zamani

Si lazima. Mara nyingi maana yake ni kwamba yeye mwenyewe haoni sababu kwenye skrini yake. Ila fahamu kitu kimoja: benki ikiwa imetoa taarifa ya muamala wa shaka kwa Kitengo cha Kudhibiti Fedha Haramu, sheria inawakataza wafanyakazi kumdokeza mteja. Afisa akikuambia, anavunja sheria. Kwa hiyo usimgombeze wala usimlazimishe aseme. Omba kwa maandishi nyaraka gani zinahitajika kwako. Hilo hana sababu ya kukataa.

Wakili Nyamagana

Naingia kwenye suala la jina, maana nimeliona mara nyingi hapa Mwanza, hasa kwa majina yetu ya Kisukuma yenye Ng' mwanzoni. Mwandishi mmoja anaandika Mw, mwingine Ngw, mwingine anaacha ile alama ya juu kwa sababu mfumo hauipokei. Yote ni ya mtu yule yule.

Kanuni yangu kwa wateja ni hii: kwanza amua waraka upi ndio sahihi, kisha ule mwingine ndio ubadilike. Kama kitambulisho cha taifa ndicho kilichoandika jina kama mama anavyolitumia, basi benki ndiyo irekebishe kumbukumbu zake. Asikubali kwenda kubadili jina NIDA ili lifanane na kosa la kwenye fomu ya benki. Namba ile ndiyo inayoshika laini ya simu, TIN (namba ya mlipakodi), hati ya kusafiria na mambo ya mirathi. Ukiivuruga kwa ajili ya akaunti moja, utakuwa unatoa maelezo kila ofisi unayoingia.

Kwa tofauti ya tahajia kama hii, kinachotakiwa kwa kawaida ni hati ya kiapo, inayoapwa mbele ya hakimu au wakili ambaye ni kamishna wa viapo, ikisema Mwandu na Ng'wandu ni mtu mmoja, ikitaja namba ya NIDA na namba ya akaunti. Hiyo inatosha. Hati ya kubadili jina, ile inayosajiliwa kwa Msajili wa Hati, ni kwa mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine. Nimeona watu wanatozwa fedha za hati hiyo kubwa kwa tofauti ya herufi mbili. Msikubali.

Na kiapo kisomwe kabla ya kusainiwa. Kuna vijana nje ya mahakama wana viapo vilivyochapwa tayari, wanajaza jina lako tu. Unakuta umeapa kwamba ulizaliwa Magu wakati ulizaliwa Misungwi. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na benki ikilinganisha na taarifa za NIDA utakuwa umejiongezea tatizo jipya.

Doto wa Kisesa

Wakili umenigusa. Mimi na pacha wangu Kulwa tuna jina moja la baba, moja la babu, tarehe moja ya kuzaliwa, na tumeandikishwa kijiji kimoja. Tarakimu nane za mwanzo za namba ya NIDA ni tarehe ya kuzaliwa, kwa hiyo hata namba zetu zinaanza sawa. Kulwa alipochukua mkopo na kuchelewesha, akaunti yangu ya akiba ikazuiwa mimi. Benki nyingine kabisa, sitaitaja.

Kilichonisaidia ni kusimama imara kwamba wasome namba yote, tarakimu zote ishirini, na si jina na tarehe tu. Kisha nikaomba wachukue alama za vidole pale pale wazilinganishe na NIDA. Picha yetu inafanana, vidole havifanani. Afisa alipoona mwenyewe kwenye mashine, lugha ikabadilika. Mapacha wa kanda hii, mkifungua akaunti hakikisheni namba ya NIDA imeingizwa yote. Msikubali kuandikwa kwa kadi ya mpiga kura au barua ya mtaa peke yake.

Mzee wa Igogo

Haya yote ya nini? Fedha weka nyumbani. Wazazi wetu walitunza kwenye chungu na hakuna aliyewaomba kidole. Au mtafutie yule afisa kitu kidogo, mambo yaishe leo.

Kaunta ya Zamani

Mzee wangu, shikamoo. Kwa heshima zote nitapinga yote mawili. Fedha za mtaji wa magunia ya dagaa zikikaa nyumbani, mwizi mmoja au moto mmoja unamrudisha mama sifuri, na hakuna wa kumdai. Na hicho kitu kidogo ndicho kinachogeuza mteja safi kuwa mkosaji. Zuio lililowekwa na mfumo linaacha kumbukumbu ya nani ameliondoa na kwa waraka gani. Siku ya ukaguzi afisa ataulizwa, na mama ataulizwa. Akiombwa rushwa, apige 113 kwa TAKUKURU, ni bure.

Fundi Boti Luchelele

Mimi si mtu wa benki, ni mtu wa ziwani, naomba nijibu swali la ushahidi kwa sababu nalijua.

Kwanza muelezeni afisa giza ni nini. Dagaa anavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa taa haimvuti, wavuvi wanapumzika, wanashona nyavu. Mwezi ukifa, boti zote zinaingia kazini. Kwa hiyo fedha za dagaa hazifuati tarehe za mshahara, zinafuata mwezi wa angani. Chukueni taarifa ya akaunti ya miezi sita, wekeni alama kwenye siku za giza, kisha mwonyesheni afisa jinsi fedha zinavyoingia na kutoka. Shemeji yangu alifanya hivyo kwa kalenda ya ukutani na kalamu nyekundu, na afisa aliyetoka bara kabisa akaelewa hapo hapo. Hakuna mwizi anayeiba kwa kufuata mbalamwezi.

Pili, karatasi zipo nyingi kuliko tunavyodhani, tatizo tunazitupa. Risiti za ushuru wa halmashauri, zile zinazotoka kwenye mashine pale mwaloni, zinaonyesha tarehe na kiasi cha mzigo. Kibali cha kusafirisha mazao ya uvuvi kinaonyesha mzigo umetoka wapi kwenda wapi. Leseni yake ya kufanya biashara ya mazao ya uvuvi. Risiti za mizigo ya meli au boti kutoka kisiwani. Kama anakopesha wavuvi mafuta na kulipwa kwa dagaa, daftari lake ni ushahidi, hata kama limelowa na lina harufu. Halafu barua ya BMU, yaani kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi, ya mwalo anakonunua. Viongozi wa BMU wana orodha ya boti na wanajua nani ananunua kwa nani, na barua yao ikigongwa mhuri na ofisi ya kijiji au mtaa inakuwa na uzito.

Watu wa sangara wana nafuu, kiwanda kinawaandikia. Dagaa ni mkono kwa mkono, ndiyo maana lazima karatasi hizi zikusanywe moja moja.

Na wale wa mpakani: wanunuzi wake wakimtumia fedha, waandike neno kwenye maelezo ya muamala. "Malipo dagaa" inatosha. Kuacha wazi au kuandika "zawadi" kunazaa maswali.

Mwana wa Igombe

Fundi, umenifungua macho. Daftari analo, la miaka mitatu. Risiti za ushuru ziko kwenye mfuko wa sukari, sijui hali zake. Kesho naanza kuzipanga.

Mama Kayenze

Mwangaluka wote. Mimi nauliza la vidole. Nimeparua samaki tangu nikiwa binti, vidole vimefutika. Nikiweka kwenye mashine ya benki inasema haitambui. Nikiweka kwa wakala, haitambui. Wanasema nimekuja na kitambulisho si changu! Mtu mzima kuambiwa hivyo mbele ya foleni inauma sana.

Kaunta ya Zamani

Mama, pole, hukustahili kuambiwa hivyo. Hali yako inajulikana kabisa: waparua samaki, waashi, wapasua kokoto na wazee wengi alama zao zimelika. Ukienda, nenda siku ambayo hujashika maji ya samaki wala chumvi. Nawa kwa sabuni, kausha, paka mafuta kidogo kisha ufute. Mwambie afisa ajaribu vidole vyote kumi, maana mara nyingi kidole kidogo au gumba la mkono usiotumia kisu hubaki na alama. Vikigoma vyote, omba wakuhakiki kwa picha na maswali ya taarifa zako, na uende ofisi ya NIDA ya wilaya kuomba alama zichukuliwe upya. Pale benki waombe waandike kwenye faili lako kwamba alama zako ni hafifu, ili usianze upya kila unapokutana na mtu mpya.

Shija wa Mkuyuni

Ongezeni na hili la laini ya simu. Mdogo wangu nimekaa naye leo, tukagundua laini iliyounganishwa na akaunti imesajiliwa kwa kitambulisho cha mjomba. Ni tangu ile Januari 2020 wakati laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa, yeye hakuwa na namba ya NIDA, mjomba akamsaidia. Sasa benki inasema mwenye simu si mwenye akaunti.

Kaunta ya Zamani

Hiyo iko kwa watu wengi sana. Piga *106# uone laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya NIDA. Laini ya benki lazima iwe yako, maana siku mjomba akiifuta au akifariki, namba za siri za mara moja zinaenda hewani. Mjomba na mdogo wako waende pamoja kwenye duka la mtandao husika wahamishe umiliki, kisha ndipo benki.

Binti Nansio

Na mimi nina la kwangu, la kikundi. Sisi ni kikundi cha kuweka na kukopa huku Ukerewe, wanawake wote, tumesajiliwa halmashauri kama sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018 inavyotaka. Akaunti ina watia saini watatu. Mweka hazina wetu alikwenda machimboni Geita, simu haipatikani, na taarifa zake hazijahuishwa. Kwa sababu yake benki imezuia akaunti nzima ya kikundi. Sisi tuliobaki tumehakikiwa, lakini hatuwezi kutoa hata ada za watoto tulizochangia. Kila safari ya kwenda benki mjini ni nauli ya meli na kulala.

Wakili Nyamagana

Dada, hapa msisubiri mweka hazina arudi. Fungueni katiba ya kikundi, kuna kifungu cha kubadilisha viongozi na watia saini. Itisheni mkutano kwa akidi iliyoandikwa humo, andikeni muhtasari unaosema fulani ameondolewa kuwa mtia saini kwa sababu ya kutokuwepo, na fulani amechaguliwa. Wote waliohudhuria wasaini, na wasioandika waweke dole gumba. Pelekeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii awape barua ya utambulisho ya viongozi wapya. Mkienda benki nendeni na muhtasari, katiba, cheti cha usajili, barua hiyo, na watia saini wote watatu wapya kwa pamoja, kila mmoja na namba yake ya NIDA. Akikosekana mmoja mtarudishwa. Kwa nauli ya meli, kabla hamjapanda pigeni simu tawini muulize kama fomu zao za kubadili watia saini zinatakiwa zijazwe kabla.

Binti Nansio

Wabeja sana. Muhtasari tutauandika Jumapili baada ya ibada, wote tunakuwepo.

Mkazi wa Buzuruga

TAHADHARI wakuu. Baada ya kuuliza hapa na kwenye kundi moja la WhatsApp, nimepigiwa simu na mtu anayejiita afisa uhakiki. Anajua akaunti yangu imezuiwa. Kasema nimtumie picha ya kitambulisho mbele na nyuma, kisha nimsomee namba itakayoingia kwenye simu ili "afungue akaunti kutoka makao makuu". Nilikata.

Kaunta ya Zamani

Umefanya vema sana. Benki haikuombi namba ya siri wala ile namba ya mara moja, kwa hali yoyote. Tuma namba ya huyo tapeli kwenda 15040. Na hata afisa wa kweli wa tawini akikuambia umtumie kitambulisho kwenye WhatsApp yake binafsi, kataa, peleka mkononi au kwa barua pepe ya benki. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika Mei 2023, taarifa zako zina ulinzi wa kisheria. Mkitoa nakala steshenari, ondokeni na nakala zote, hata ile iliyoharibika. Mimi huandika juu ya nakala kwa kalamu: "kwa matumizi ya benki fulani tu", na tarehe.

Mwana wa Igombe

Wakuu, naleta mrejesho.

Tulikwenda na bahasha iliyopangwa vizuri: hati ya kiapo ya jina, barua ya mtendaji wa mtaa yenye anwani ya makazi na postikodi, leseni, risiti za ushuru, barua ya BMU kutoka kisiwani anakonunua, daftari, na taarifa ya akaunti iliyowekewa alama za giza kama Fundi alivyoelekeza. Juu yake barua moja ya kuuliza aina ya zuio. Nilipeleka nakala mbili, nikaomba moja igongwe mhuri wa kupokelewa na tarehe. Afisa alisita. Nikamwambia kwa upole kwamba kanuni za Benki Kuu za mwaka 2019 za kuwalinda watumiaji wa huduma za fedha zinaitaka benki iwe na utaratibu wa malalamiko, na kwamba tusipojibiwa tutakwenda Benki Kuu tawi la hapa Mwanza tukiwa na nakala hiyo. Akaita msimamizi, mhuri ukagongwa.

Jibu la maandishi lilikuja. Ni kama Kaunta alivyohisi: akaunti ilikuwa ya daraja la chini la wakala na ilivuka kikomo, na jina halikuoana. Jina limerekebishwa liwe kama la NIDA. Kazi imebadilishwa, sasa anasomeka mfanyabiashara wa mazao ya uvuvi. Kutoa kumefunguliwa.

Lakini giza lilishaanza, na siku za kwanza ambazo bei ya kisiwani huwa nzuri zilimpita. Alikopa kwa mwenzake wa mwaloni kwa riba ili asikose mzigo kabisa. Hiyo riba hakuna wa kumrudishia. Ninasema wazi kwamba hili si sawa. Mteja anayeandikwa vibaya na wakala wa benki anabeba gharama ya kosa hilo peke yake, na mtu wa benki anasema "tunaomba radhi kwa usumbufu". Nimeandika lalamiko la pili kuhusu wakala aliyejaza fomu bila kuuliza, na hilo nitalifuatilia mpaka mwisho, kwa sababu pale mwaloni kuna akina mama wengi aliowaandikisha yeye, na wote watakuwa wameandikwa wakulima wadogo.

Leo nimepita meza kwa meza nikiwaambia waombe kuona kazi na kipato walichoandikiwa kabla hawajafungiwa. Wawili tayari wameenda.

Fundi Boti Luchelele

Hapo umefanya kazi ya maana. Hapa Luchelele nitawaambia na sisi.

Mama Kayenze

Mwanangu, tuwekee ile barua hapa. Wengine hatujui kuandika kibenki.

Mwana wa Igombe

Hii hapa, mama. Mwenye kuihitaji anakili, ajaze penye nukta, na akumbuke nakala ya pili ya kugongewa mhuri. Wakili ameipitia.

*Meneja wa Tawi,*
*Benki ya ............,*
*Mwanza.*

*Tarehe ............*

*YAH: ZUIO KWENYE AKAUNTI YANGU YA AKIBA NAMBA ............*

*Mimi ............, mwenye namba ya NIDA ............, ni mteja wa benki yako. Tangu tarehe ............ siwezi kutoa fedha kwenye akaunti iliyotajwa hapo juu.*

*Ninaomba nijulishwe kwa maandishi: zuio hili ni la aina gani, nyaraka zipi zinahitajika kutoka kwangu, ni idara gani inashughulikia, na lini nitegemee majibu.*

*Ninaomba pia nionyeshwe taarifa zangu zilizomo kwenye kumbukumbu za benki, yaani jina, kazi, kipato, anwani na namba ya simu, ili nirekebishe zile ambazo si sahihi.*

*Kazi yangu ni ............ Fedha zangu zinatokana na ............ na huingia kwa wingi katika vipindi vya ............ kwa sababu ............ Naambatanisha uthibitisho wake.*

*Nipo tayari kuhakikiwa kwa alama za vidole tawini siku yoyote ya kazi.*

*Saini ............*
*Simu ............*

Penye "kwa sababu" mama aliniambia niandike: "dagaa huvuliwa wakati wa giza". Wewe mama Kayenze, ongeza mstari mmoja kabla ya saini kwamba alama za vidole vyako ni hafifu kutokana na kazi, na unaomba njia nyingine ya uhakiki.